Barua ya wazi kwa walimu wa shule zilizo chini ya Udzungwa

Walimu wenzangu wa Msolwa, Katurukila, Mkula, Sanje, Mang'ula, na kuendelea mpaka Kiberege,

Naanza na ubao.

Kwa miaka 11 nimefundisha mzunguko wa maji kwa chaki. Bahari nachora chini kulia, jua juu yake, mishale inapanda, wingu linakaa, mlima wa pembetatu unasimama kushoto, mishale inashuka, mto unarudi baharini. Watoto wananakili. Mtihani ukija wanaandika majina kwenye mishale, na wengi wanapata. Siku moja mwanafunzi wa darasa la tano, binti mkimya anayekaa dirishani, alinyoosha mkono akauliza kama mlima ule wa ubaoni ni huu wa kwetu au ni mwingine. Nikamjibu kwamba ni mfano tu, mlima wowote. Akageuka kutazama nje, nami nikatazama alikotazama. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi nusu ya msitu, na maporomoko ya Sanje yalionekana kama uzi mweupe uliosahauliwa juu ya nguo ya kijani. Miaka yote hiyo nilikuwa naufundisha mlima huku nimeupa mgongo.

Niliona haya, na haya ile haikuishia darasani. Jioni nilijiuliza ni lini mimi mwenyewe nilifika kwenye maji yale ambayo usiku wa masika nayasikia nikiwa kitandani. Sikuwahi. Katika ofisi yetu ya walimu tulikuwa 14. Nilipouliza, waliokwisha kufika walikuwa wawili. Kesho yake nikauliza darasani nani amepanda Sanje. Ilinyooka mikono mitatu, na miwili kati ya hiyo ikashuka nilipouliza maji ya pale chini yana baridi kiasi gani.

Kwa hiyo nawaandikia ombi. Tuwapandishe watoto wetu Sanje, kila darasa la tano, kila mwaka, na tupande pamoja na akina bibi waliokuwa wakiingia msituni siku za kuni. Najua zipo shule zilizokwisha kuwaingiza wanafunzi hifadhini, nazo nazipongeza. Ninachoomba ni kwamba jambo hili liwe sehemu ya mwaka wa masomo kwa kila mtoto wa ukanda huu, lisingoje mwalimu mkuu mwenye moyo wala mgeni mwenye gari.

Wengi wetu tumepangiwa vituo kutoka mbali, na huenda habari za siku ya kuni hamzijui. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, na vijiji hivi vikajikuta mlangoni pake. Kwa miaka mingi baada ya hapo palikuwa na ruhusa: katika wiki ilikuwapo siku ambayo wanavijiji waliingia kuokota kuni. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa. Sababu zilikuwa za kweli. Msitu ulio jirani na makazi ulikuwa unachoka, na mti uliolala chini una kazi yake: ndege na wadudu wanaishi humo, na ukioza unalisha mche unaokuja. Sidai kuni zirudi. Wanawake wa huku wamejifunza kupanda miti yao wenyewe na kutumia majiko banifu, na ijapokuwa mzigo haukugawanywa kwa haki kati ya mji na kijiji, msitu umepumua.

Lakini pamoja na kuni, wanawake wale walitoka na kitu kingine. Juu ya kichwa walibeba mzigo, ndani ya kichwa walibeba msitu. Binti wa miaka kumi aliyefuatana na mama yake alijifunza mti huu unaitwaje, uyoga upi unaliwa, sauti ipi ni ya kusimama na ipi ni ya kukimbia, kijito kipi hakikauki mwezi wa kumi. Shule ile haikuwa na ratiba wala kitabu cha mahudhurio. Kuni ziliposimama, nayo ikasimama, na hakuna aliyetambua kwa sababu hakuna aliyekuwa ameihesabu kuwa shule. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule leo ni mzazi. Watoto wake ndio hawa tunaoanza kuwaita majina asubuhi. Katika nyumba nyingi mlima umebaki kuwa kitu cha kutazamwa ili kujua kama mvua inakuja.

Jirani yangu ni mmoja wa wanawake wale. Nilimpelekea swali la yule binti kama habari tu ya jioni. Nilimwamkia, akaitika, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, unauchoraje mlima ambao hujaukanyaga?" Hakunisema vibaya. Aliuliza kama anayeuliza unapikaje ugali bila maji. Nikamwomba anipeleke. Akacheka, akasema miguu yake si ile, halafu akauliza ni siku gani.

Tulikwenda mwezi wa saba, walimu watano na Bibi, yule jirani yangu, pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Tulianza saa moja na nusu asubuhi kwenye kituo cha askari wa hifadhi cha Sanje. Bibi alivaa kanga mbili na raba za mjukuu wake.

Sehemu ya kwanza ni kupanda tu. Joto la bondeni linakufuata, nyenje wanapiga kelele hadi masikio yanaziba, na njia imejaa mizizi. Baada ya nusu saa hivi mwanga unabadilika. Hutaona mahali ulipobadilika. Utagundua tu kwamba shati halikuunguzi tena mgongoni na kwamba unasikia pumzi za mwenzako. Mivule na mikangazi inapanda bila tawi hadi shingo inauma kuitazama. Kuna miti ambayo mizizi yake imesimama nje ya udongo kama kuta, mtoto anaweza kujificha kati ya ukuta na ukuta asionekane. Bibi alikuwa akiupita mti anauwekea kiganja. Akautaja kwa jina la kwao, kisha akataja kazi yake: huu unashika moto haraka, huu moshi wake unaumiza macho, huu gome lake lilichemshiwa watoto wenye kikohozi, huu haukuguswa na mtu. Mwalimu mwenzetu wa Sayansi alitoa daftari. Tulipofika kituo cha kwanza cha kupumzika alikuwa amejaza kurasa nne, na Bibi alikuwa bado hajapungukiwa.

Hapo ndipo tulipowaona mbega wekundu. Mbega huyu mwenye utosi mwekundu hana kwao kwingine duniani ila milima hii na misitu michache ya bondeni iliyo jirani nayo. Walipita juu yetu kundi zima, wanaruka na watoto tumboni, majani yanatuangukia. Mwongozaji akatuambia tusisogee. Tukasimama walimu watano, watu wa kusimamisha wengine mstarini, kimya kabisa.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu jambo nitakalolieleza ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kuishia kufurahia matembezi.

Kijiji cha Sanje kimeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, huu huu wa juu yetu. Wakasikia mlio wa nyani wa msituni ambao hawakutarajia kuusikia katika milima hii. Homewood aliujua mlio wa namna hiyo, kwa kuwa alikwisha kumsoma ndugu wa mnyama yule kandokando ya Mto Tana, Kenya. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushtuka. Aliwaambia ni ng'olaga. Mnyama ambaye sayansi haikuwa na habari zake alikuwa na jina, na jina lilikuwa midomoni mwa watu wa vijiji hivi kabla ya kuandikwa popote. Leo jina lake la kisayansi ni Cercocebus sanjei, na nje ya Udzungwa hapatikani.

Ikatokea tena mwaka 1991. Watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini ndani ya milima hii waliona miguu ya ndege ndani ya chungu cha mboga, miguu ambayo hawakuweza kuilinganisha na ndege wanayemjua. Ikawa ni kwale wa Udzungwa, ndege mpya kwa sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wanapatikana Asia. Yule aliyemtega kwa ajili ya kitoweo bila shaka alijua vizuri analala wapi na anakula nini. Na mwaka 2003, huko Rungwe, masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa juu ya mnyama anayeitwa kipunji yaliwafikisha watafiti kwa nyani mwingine asiyejulikana. Muda mfupi baadaye kipunji akaonekana pia Ndundulu, upande wa magharibi wa Udzungwa yetu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi apewe jenasi yake peke yake.

Walimu wenzangu, mara tatu wataalamu wamekuja na darubini wakakuta mwenyeji ametangulia. Sasa tujiulize mara ya nne itakuwaje. Akija mtafiti mwaka 2040 akasikia mlio asioujua, atamgeukia kijana wa Sanje amwulize ni nini kile, na kijana yule, aliyesoma kwetu, aliyepata alama nzuri kwetu, atamjibu nini? Sina hofu kwamba wanyama hawatakuwapo. Hofu yangu ni kwamba watakuwapo na majina yao hayatakuwapo.

Turudi njiani. Ukipanda zaidi unafika mahali ambapo msitu unafunguka na bonde lote la Kilombero linalala chini yako. Nimeishi bondeni humo, nimepanda bodaboda zake na kuvuka mito yake, na sikuwa nimewahi kujua sura yake. Miwa imejipanga kwa mraba hadi macho yanachoka. Reli ya TAZARA inapita katikati yake kama mshono. Ng'ambo yake kunaanza rangi ya hudhurungi ya nyika ya Hifadhi ya Nyerere, isiyo na mwisho. Na hapa chini kabisa, karibu na miguu, ni vijiji vyetu: mabati, michungwa na barabara ya Ifakara.

Bibi alisimama pale muda mrefu kuliko sote. Nikadhani amechoka, nikamletea maji. Akasema hajawahi kupaona pale. Nikashangaa, maana njiani alikuwa ametuambia amepita mara zisizo na idadi. Akasema, "Siku za kuni hatukugeuka nyuma. Ukigeuka, mzigo unakuangusha." Akaendelea kutafuta paa la nyumba yake. Alipolipata alilionyesha kwa kidole, akataja la jirani, la msikiti, la kanisa, la shule yetu ambalo linang'aa kwa mabati mapya ya darasa moja. Akakaa chini kwenye jiwe na hakutaka tuondoke.

Kauli ile sijaiweka chini hadi leo. Nilikuwa nimekwenda na wazo kwamba zamani watu waliujua mlima na sasa hawaujui, basi. Bibi aliujua kwa mikono na mgongo kuliko nitakavyoujua mimi, na bado kuna kitu mlima ulikuwa unampa kila wiki naye hakuwa na nafasi ya kukipokea. Mtoto tunayempeleka sisi ataingia mikono mitupu. Anaweza kugeuka.

Maporomoko yenyewe yanashuka kwa ngazi tatu, jumla yake mita 170, na ile ndefu ndiyo inayoonekana kutoka barabarani. Kabla ya kuyaona unayasikia kifuani. Kisha upepo wa baridi unatoka mahali ambapo hakuna upepo, majani ya pembeni yanatikisika bila kupumzika, na uso unalowa kabla hujafika kwenye maji. Mawe yote yamevaa kuvumwani ya kijani, na mimea inayoota pale ni ile tu iliyokubali kuloweshwa mchana na usiku.

Manyunyu yale si pambo. Katika milima hii hii, upande wa kusini magharibi, kuna maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996 alipatikana pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai kama vyura walio wengi kwa kuwa anazaa watoto hai, na aliyeishi kwenye eneo dogo mno linaloloweshwa na manyunyu ya yale maporomoko peke yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakapungua karibu yote. Wakawekewa mabomba ya kunyunyizia. Vyura wakaongezeka kidogo, kisha ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaingia, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka katika mazingira yao ya asili. Waliookoka ni uzao wa wale karibu 500 waliokuwa wamechukuliwa mapema kwenda Marekani na kutunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi ya vizazi vyao wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Umeme tuliuhitaji, na taa inayoniangazia ninapoandika inatoka kwenye gridi hiyo. Ila nataka mtoto wa darasa la tano asimame Sanje, manyunyu yampige usoni, ndipo aisikie habari ya chura huyo. Akiisikia darasani ataikariri. Akiisikia pale ataielewa na ngozi yake.

Vivyo hivyo kwa mvua. Vitabu vinasema pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hukutana na mlima, hupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Ni kweli, na ni kwa sababu hiyo milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia hapa kwetu, imekuwa na misitu kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Mwanihana una jambo jingine lililo adimu: msitu unaanzia karibu na miwa, mita kama 300 juu ya usawa wa bahari, unapanda bila kukatika hadi juu ya mita 2,000. Ukipanda unapita hali ya hewa moja kuingia nyingine kwa miguu yako mwenyewe. Na maji yote yanayotoka humo, yapitie Kilombero au yapitie Ruaha Mkuu, mwishowe ni Rufiji, ni mitambo ya megawati 2,115 ya Bwawa la Nyerere, ni mpunga wa watu wa delta, ni bahari tena.

Mwezi wa tisa tulijaribu na watoto. Tulichukua 18, na yule binti wa dirishani alikuwamo. Hatukuwapa karatasi ya maswali. Tulikuwa na amri moja tu: mahali tulipopachagua, kila mtu akae, afumbe macho, asiseme kitu kwa dakika kumi. Nilidhani watashindwa dakika ya pili. Dakika ya nane mtoto mmoja aliyezoeleka kwa utundu alifumbua macho, akatazama juu, akafumba tena.

Wiki iliyofuata niliwaambia wachore mzunguko wa maji bila kutazama kitabu. Michoro mingi ilikuwa na shule chini ya mlima. Wa yule binti ulikuwa na kitu ambacho mimi sijawahi kukichora: matone yanayodondoka kutoka kwenye majani na hakuna wingu la mvua juu yake. Nikamwuliza. Akasema, "Mwalimu, kule juu asubuhi miti inanyesha." Alikuwa ameona ukungu ukinasa kwenye majani na moshi mweupe ukigeuka matone, maji ambayo kipimo cha mvua cha uwanja wa shule hakiyahesabu na yanalisha vijito wakati wa kiangazi. Kitabu chetu hakina mshale huo. Nimeuongeza ubaoni.

Sasa niseme ya kwetu, yale mtakayonijibu, kwa sababu nami niliyasema.

Fedha. Mtanzania halipi sawa na mgeni kuingia hifadhini, na mtoto analipa pungufu ya mtu mzima. Lakini kuna mwongozaji, kuna nauli kwa shule za mbali, na kwa mzazi mwenye watoto wanne shilingi elfu moja ina uzito. Tuseme ukweli lakini: kila mwaka tunachangisha keki, turubai na muziki wa mahafali ya darasa la saba, na wazazi wanatoa. Kamati za shule zikikubali kupunguza turubai moja, watoto wengi wanapanda. Kwa sehemu inayobaki, hifadhi ina idara ya ujirani mwema, na neno ujirani linatuhusu sisi kwanza. Tukiandika barua moja kwa pamoja, shule zote za ukanda, miezi mitatu kabla, naamini tutasikilizwa kuliko kila shule ikipiga hodi peke yake.

Hatari. Zipo. Tembo na nyati wanatembea njia zile zile, nyoka wapo, mawe ya maji yanateleza kama sabuni. Kwa hiyo tusiende bila mwongozaji hata kama mwalimu anaijua njia. Tusichukue darasa zima la watoto 70 siku moja. 20 wanatosha, na walimu wanne. Mtoto asiingie kwenye maji yanapoangukia. Masika tusiende kabisa. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi njia ni kavu kiasi, na mzunguko wote unachukua kama saa nne, watoto wakipumzika saa tano. Kandambili zibaki nyumbani. Asiye na raba aazimwe. Mihogo ya kuchemsha, ndizi na maji vinatosha, na maganda tunarudi nayo. Wakikua wakitaka kilele chenyewe cha Mwanihana, na kulala njiani, hiyo ni habari ya sekondari.

Wapo wazazi waliosema maporomoko yana wenyewe na watoto wasipelekwe. Tuwasikilize. Sioni faida ya kuwaendea na kebehi, maana heshima ile ndiyo iliyoyalinda maji yale kabla ya mpaka wa mwaka 1992. Tulipofika chini ya maporomoko Bibi aliinamisha kichwa, akasalimia kwa sauti ndogo, akatuomba tusipige kelele. Watoto tuliowapeleka nao wakafanya hivyo. Mzazi aliyekuwa mkali kuliko wote alipoambiwa hayo, alimruhusu mwanawe kwenda safari ya pili.

Kigumu kuliko yote kwangu ni sisi walimu. Tunachoka, madarasa yamejaa, na Jumamosi ndiyo siku ya shamba. Siwezi kuifuta kazi hiyo kwa maneno. Ninachoweza ni kuwaomba mpande kwanza ninyi, bila watoto, mara moja. Zungumzeni na akina bibi wa mitaa yenu, kila kijiji wapo, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakaribisheni kama walimu wageni tunavyokaribishwa, kwa chai na kwa kiti, na yale mtakayoandika kwenye madaftari yawekwe ofisini, mti kwa jina la kila kabila lililopo darasani, Kihehe, Kipogoro, Kindamba, Kibena, kisha Kiswahili.

Safari yetu ijayo ni Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa mwezi wa saba. Tutakutana kituo cha Sanje saa moja asubuhi. Mwalimu yeyote wa ukanda huu anakaribishwa, na akija na bibi wa kijijini kwake tutafurahi zaidi. Jirani yangu amekubali kuja tena. Ameomba mambo mawili: asiharakishwe pale penye mizizi, na pale juu tusiondoke mpaka kila mtoto awe ameliona paa la kwao.

Ni mimi mwalimu mwenzenu,
Sanje